Jumatatu ya Kusoma Waraka

Kila Jumatatu saa mbili na nusu, wafanyakazi wa masjala walisimama nyuma ya meza zao, na mmoja wao akasoma waraka wa wiki kwa Kiingereza mbele ya mkuu wa idara. Aliyetamka herufi isiyotamkwa alipotewa na sauti papo hapo. Si adhabu, alisema mkuu. Ndivyo lugha ilivyo. Jina la aliyekosea lilibaki kwenye orodha ya mahudhurio, ila halikuitwa tena, naye akahamishiwa chumba cha nyuma kwa mshahara ule ule.

Tarishi aliponzwa na “d” ya “Wednesday”. Mtunza stoo alijikwaa kwenye “s” ya “island”, kisiwa ambacho hakuwahi kukiona wala hakuwa na shida nacho. Sasa walikaa kule nyuma wakibandika lebo, midomo ikienda, kimya kama redio iliyotolewa betri. Wenzao waliwapungia mkono wakipita kwenda kuchukua chai.

Karani wa mafaili alijua zamu inayofuata ni yake, akaomba nakala ya waraka mapema aufanyie mazoezi. Kiswahili kilimlea kwa haki: kila herufi iliyoandikwa ilipewa nafasi ya kusema. Hiki kingine kilikuwa na upendeleo wake. “H” ya “hour” ilinyamazishwa, ya “house” ikaachwa iseme. “Do not” ilifupishwa kwa njia inayoeleweka. “Will not” ikageuka “won't”, na aliyeuliza ile “o” imetoka wapi aliambiwa asipoteze muda wa ofisi.

Hakuihofia kazi. Alimhofia mama yake, asiyeona, aliyebaki peke yake nyumbani mchana kutwa. Tangu kibaka aingie ndani akinyata bila kusema neno, mama hakukubali kusogelewa na mtu asiyesikia sauti yake.

“Usiwe na haraka, dada,” mpiga chapa alimnong'oneza. “Ukifika penye neno baya, kohoa.”

“Nikohoe mara ngapi? Waraka wenyewe kurasa mbili!”

Jumatatu ilipofika, alisimama akasoma. Ukurasa wa kwanza aliumaliza salama. Kwenye wa pili alikutana na “receipt”, neno alilolifanyia mazoezi siku sita, na ulimi wake, usiozoea kumnyima yeyote haki yake, ukaipa “p” zamu yake. Neno lililofuata halikutoka. Mkuu alimshukuru, akampa mpiga chapa karatasi amalizie. Kisha mkuu mwenyewe akawakumbusha kikao cha “Wednesday”, akaitamka na “d” yake nzima, sauti yake ikabaki nene vile vile. Watu walitazama viatu vyao.

Saa kumi na moja karani alifungua mlango wa nyumbani. Mama alikuwa kitini, akainua kichwa.

“Nani huyo?”

Karani alijibu. Alijibu tena, akikaza shingo mpaka mishipa ikamtoka. Alipomgusa bega, mama aliruka, akarudi nyuma hadi ukutani, akainua fimbo. Karani aliondoa mkono. Hakuwahi kuogopwa na mtu maishani mwake.

“Mwanangu!” mama alipiga kelele kuelekea barabarani. “Uko wapi? Fanya haraka, mama, kuna mtu humu ndani!”

“Abee, mama,” aliitikia karani, na chumba kikabaki kimya.