Siwema, Ndama wa Mashaka

Akonaay alinipigia simu asubuhi nikiwa napalilia maharage.

"Baba Tadei, ng'ombe wamefika salama?"

"Ng'ombe gani?"

"Si wale uliomtuma kijana awachukue."

Sikuwa nimemtuma mtu yeyote. Nikamwambia hivyo. Akasema wameshachukuliwa. Ndipo nikamtukana. Nikamwita mwizi, nikamwambia amekula ng'ombe wangu, na mengine ambayo siyaandiki hapa.

Huku Endagikot shamba langu liko mteremkoni, nyasi hazitoshi hata mbuzi. Kama wenzangu wengi, ng'ombe nawafugisha kwa rafiki, huyo Akonaay, kule chini Getanuwas, Hanang. Yeye anakunywa maziwa, mimi nabaki na ng'ombe. Jambo hilo halitangazwi. Jirani hajui una ng'ombe wangapi wala wako kwa nani, maana akijua jirani, na mwizi atajua. Nikituma mtu kuwachukua, haendi na karatasi. Anataja jina la ng'ombe wa kwanza niliyempeleka pale, na jina la mama yake. Siwema, ndama wa Mashaka. Asiyelijua neno hilo, Akonaay hampi hata kamba. Baba zetu walifanya hivyo hivyo na hakuna mnyama aliyepotea.

Nikashuka Getanuwas kwa basi. Akonaay alikuwa amesimama mlangoni mwa zizi, hakunikaribisha kukaa.

"Alilisema neno?" nikamwuliza.

"Alilisema. Kijana mwenyewe ana adabu, shikamoo mara mbili. Mimi bado nikasita, simjui. Akatoa simu, akanionyesha vidio ya Zita."

"Zita gani?"

"Zita wako! Amesimama hapa hapa kwenye zizi langu anacheka, anasema kila kitu. Mtoto wako wa kumzaa. Ningekataaje?"

Akanyoosha kidole pembeni. Siwema alikuwa amelala, ndama wake mchanga ubavuni. Wenzake watatu walikuwa wameondoka, yeye kabaki kwa sababu ametoka kuzaa na asingeweza kutembea.

"Huyu umchukue," Akonaay akasema. "Silishi ng'ombe wa mtu anayeniita mwizi."

"Nimpeleke wapi? Kwangu atakufa njaa."

"Hilo ulifikirie kabla hujafungua mdomo. Akipata nguvu ya kutembea, uje umtoe."

Nilirudi nyumbani nikiwa nawaka. Zita alikuwa darasa la sita, na nilikuwa nimeshakata fimbo njiani. Nikamwambia anionyeshe hiyo vidio. Akaitafuta kwenye simu ya mama yake, akanipa kwa mikono miwili, kwa heshima. Aliichukua Krismasi, walipokwenda na mama yake kumsalimia Akonaay.

Vidio ilikuwa nzuri, na hilo lilinichoma zaidi. Mtoto anaongea bila kubabaika. "Naitwa Zita, natoka Endagikot. Hawa ni ng'ombe wetu, wanakaa Getanuwas kwa babu Akonaay. Baba akimtuma mtu, lazima aseme Siwema, ndama wa Mashaka." Chini yake watu wamesifu, wameweka mioyo na makofi. Mke wangu naye kaisambaza kwenye grupu la kwaya.

"Nani kakutuma?"

"Mwalimu Maximilian, wa ule mradi wa mtandao shuleni. Alisema tuonyeshe kitu cha nyumbani ambacho watu hawakijui. Anaziweka kwenye ukurasa wa mradi, anayeshinda anapewa tableti."

"Na wewe ukaona utangaze siri yangu?"

Akalia, lakini akanijibu huku analia. "Hukuniambia ni siri, baba. Ulimweka kaka Tadei ukamwambia yeye. Mimi nilisikia tu nikiwa nasonga ugali. Nikajua ni hadithi ya ng'ombe."

Mama yake akasema, "Muache mtoto." Nikaitupa ile fimbo uani. Hasira haikuisha, ila iligeuka ikaelekea shuleni.

Tangu tukatwe kutoka Arusha tukawa na mkoa wetu, miradi inaingia huku kama nzige. Kampuni za simu zimepaka rangi maduka yote, kila mwenye duka anauza vocha. Hakuna anayemwambia mtoto nini asiseme. Maximilian nilimkuta ofisini kwa mwalimu mkuu, fulana mpya, anakunywa chai.

"Mzee wangu, mtandao ni fursa," akaanza.

"Fursa ya nani? Mwizi amepata ng'ombe watatu. Mimi nimepata nini?"

"Lengo letu lilikuwa kumfundisha mtoto kujieleza."

"Mimi niliishia darasa la nne, lakini najua mtoto hafundishwi kufungua mlango kabla hajafundishwa kuufunga. Nyumbani kwako Arusha, ufunguo unauweka wapi? Nieleze hapa, mbele ya mwalimu mkuu, nikurekodi."

Akacheka kidogo, akaona sicheki. Vidio akaifuta mbele yangu. Kisha akakiri kwamba aliyekwisha kuinakili anayo. Nikapita polisi, wakaandika maelezo yangu. Ng'ombe wale hawajaonekana mpaka leo.

Siwema alipoanza kusimama, nikamchukua Zita tukashuka Getanuwas na galoni la asali. Nilimwomba Akonaay msamaha mbele ya mke wake na mbele ya binti yangu. Haikuwa rahisi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaonja asali.

"Ni ya nyuki wadogo, ile adimu," akasema. "Umejitahidi."

"Siwema abaki?"

"Abaki. Ila neno libadilike. Na huyu binti atoke nje kwanza."

"Hatoki," nikasema. "Nikituma mtu, nitamtuma huyu. Kaa hapa, Zita, usikie kwa kuambiwa, usisikie jikoni."

Akaambiwa. Akaambiwa pia kwa nini, na nani asiambiwe hata akiwa mkubwa, hata akisalimia vizuri.

Shule ilipofungua, Maximilian akarudi na fulana nyingine, safari hii imeandikwa Usalama Mtandaoni. Wazazi tukaitwa. Akaeleza vizuri, sikatai. Neno la siri usimpe mtu, jina la kijiji usiliweke, picha ya nyumbani usiitume. Halafu akataka mfano.

"Zita, simama. Waeleze wenzako, sasa nyumbani mnatumia neno gani?"

Zita akasimama.

"Jibu," mwalimu mkuu akasema. "Unaulizwa na mkubwa wako."

Akanitazama. Nikatazama dirishani.

"Shikamoo mwalimu," Zita akasema. "Hilo siwezi kukuambia."

"Kwani mimi ni mwizi?" Maximilian akauliza huku anacheka, wazazi nao wakacheka.

"Sijui, mwalimu."

Kicheko kikakatika. Mwalimu mkuu akapiga meza, akasema mtoto huyu hana adabu, aombe radhi mara moja. Nikasimama mimi.

"Haombi," nikasema. "Katika ukumbi huu mzima, yeye peke yake ndiye aliyeelewa somo."

Nikamwambia Zita akae.