Mkato wa Jean Paul

Mvua za vuli zilipoanza mwaka ule wa 1999, ukungu ulikuwa ukiingia hadi ndani ya ofisi ya ushirika pale Ngara mjini, ukakaa juu ya magunia kana kwamba nao umeletwa kupimwa. Consolatha, karani wa takwimu, alikuwa ameuzoea. Aliwasha kompyuta, akangoja jenereta itulie, kisha akazama kwenye ulimwengu wake wa safu na mistari, ambamo maharage hayakuwa na harufu wala vumbi.

Safu aliyoipenda ilikuwa ya mwisho. Hiyo hakuijaza mtu, iliijaza kanuni: ilichukua uzito wa maharage, ikaondoa unyevu, ikatoa uzito utakaobaki yakishakauka. Kwa uzito huo meneja, Mzee Pancras, alijua awaahidi nini wanunuzi waliopeleka chakula kwenye kambi za wakimbizi.

Asubuhi hiyo mistari ya kituo cha Kibimba ilikuwa salama. Ya kituo cha Murusagamba ilikuwa imejaa neno moja la Kiingereza la kuashiria kosa, lenye alama ya mshangao, likishuka chini kama nyayo za ndege kwenye tope.

"Shikamoo mzee," Consolatha alisema aliposikia hatua nyuma yake.

"Marahaba. Ni yule Mrundi wako, eh? Ameharibu mashine?"

"Ngoja kwanza niangalie."

Jean Paul, aliyekuwa akisemwa, alisimama mlangoni na kofia mkononi. Alikuwa mwalimu wa hesabu kule Muyinga kabla ya vita kumvusha mpaka. Sasa alikuwa ameoa Murusagamba, akiwapimia wakulima maharage, na kila wiki alikuja kuingiza takwimu zake mwenyewe.

Consolatha aliikagua kanuni. Ilikuwa ileile ya Kibimba. Akaifuta, akainakili upya. Nyayo za ndege zikarudi. Akakaa, akatazama tu, macho yakimlegea kwa mngurumo wa jenereta, mpaka kioo kikawa kama uwanja na tarakimu kama watu waliokuja mkutanoni. Ndipo alipoona. Unyevu wa Kibimba ulikuwa umeegemea kulia. Wa Murusagamba ulikuwa umejibanza kushoto, kama wageni wasiojua wakae wapi.

Kompyuta haikuwa ikiziona kuwa tarakimu. Kwake yalikuwa maneno, nayo maneno huyapanga kushoto.

"Mwalimu, hebu niandikie hapa kumi na tatu na nusu."

Jean Paul akaandika: 13,5.

"Mbona umeweka mkato?"

"Si ndivyo inavyoandikwa?" Alishangaa kweli. "Nilifundishwa kwa Kifaransa, dada. Nami nimewafundisha watoto hivyo miaka tisa."

Consolatha akacheka kidogo, akaamuru mashine igeuze kila mkato wa safu ile kuwa nukta. Nyayo zikafutika zote mara moja. Mzee Pancras akapiga makofi, akaenda kushika simu ya upepo awape wanunuzi jumla.

"Soma!" aliita.

Consolatha akafungua mdomo. Jumla ya Murusagamba ilisema tani elfu thelathini na nane. Kwa kitambo kidogo aliyaona: maharage yamefunika ghala, yanatiririka barabarani, yanajaza mabonde taratibu bila sauti, mekundu, migomba ikibaki vichwa tu.

"Mzee, usiseme! Weka simu chini!"

Safu ya uzito nayo ilikuwa na mikato. Jean Paul aliandika 1,250 akimaanisha tani moja na robo. Mashine, iliyozoea kutenga maelfu kwa mkato, ikaipokea bila kulalamika: tani elfu moja mia mbili na hamsini. Kosa dogo lilikuwa limepiga kelele, kubwa likanyamaza nyuma yake. Consolatha akagawanya safu nzima kwa elfu moja. Zikabaki tani thelathini na nane na kidogo.

Jean Paul alikuwa ameshavaa kofia. "Basi, nitaacha funguo za mizani mezani," alisema polepole.

Mzee Pancras alimvutia kiti. "Nani kakufukuza? Kuanzia leo andikeni kilo, tusahau mikato na nukta kwenye uzito. Kwenye unyevu, huku ni nukta. Kaa unywe chai."

Wakanywa. Consolatha akaiwekea safu ya unyevu sharti la kukataa mkato, huku Jean Paul akijizoeza nukta kwa penseli juu ya kipande cha boksi, akizikandamiza kama anayepanda mbegu.

"Mwalimu, amani ikirudi, utarudi Muyinga kufundisha?"

Jean Paul aliweka nukta moja zaidi.

"Nikirudi na nukta hizi," alisema, "watoto watanisahihisha mimi."