Kilo za Mawese

Nikibeba mingi sipande, nikibeba kidogo sifike. Mimi ni nani?

Mutafute jibu polepole. Mimi nililipata mu salon ya nyumba ya mukwe wangu, siku ya mvua, na nilipolipata nilitamani kulirudisha kwenye lilitoka.

Mukwe wangu anaitwa Floribert, lakini mimi ninamuita Papa Sagesse, ku jina la mujukuu wangu. Anafundisha hesabu ku université, ni mutu wa kimya, hanywi, hazungukezunguke ovyo. Ugonjwa wake ni moja tu: kurusha ndege ku ordinatere, kompyuta yake. Usifikiri ni muchezo wa watoto, wa kuanguka na kucheka. Yeye anataka yote ikuwe kama kweli: upepo wa kweli, mvua ya kweli yenye internet inamuletea, uwanja wa ndege wa Kavumu, wa hapa kwetu Bukavu, na vilima vyake, mulima wa Kahuzi pahali pake. Ku meza iko na usukani, chini ya meza iko na pedali, na akiwa mu hewa ukimusemesha hajibu.

Kwetu mama mukwe haketi karibu na mukwe wake. Tangu binti yangu Noëlla aolewe, mimi na Floribert tulikuwa tunasalimiana mumoja akiwa ku mulango, mwingine ku jikoni. Ile ordinatere njo ilivunja aibu. Noëlla ni infirmière, muuguzi, na kazi inamupeleka Shabunda, kule pori, kwenye gari haifike, ni ndege ndogo tu. Kila akiruka, Floribert naye anaruka: saa ile ile, njia ile ile, ndege ya namna ile ile. Anasema njo namna yake ya kumusindikiza. Mimi nilikuwa nangoja jikoni peke yangu na roho inapigapiga, mupaka siku moja nikachoka, nikavuta kiti, nikaketi kuume kwake.

"Maman ni copilote," akasema bila kunitazama. Tukacheka. Tukazoea.

Bon. Ile wiki Laurette, mutoto wa dada yangu, alikuwa anaolewa, na mimi njo nilikuwa mukubwa wa chakula. Na muko munajua, mutu akienda Shabunda, Bukavu muzima inamutuma. Hawezi rudi mikono mitupu, watamusema mupaka ku kanisa. Lazima alete muchele, nyama ya kukausha, na zaidi mawese, ile nyekundu yenye ikiingia mu sombe, majani ya muhogo, nyumba ya jirani inajua. Nilikuwa nimemuambia Noëlla ku telefone, nikicheka: "Bidon ine, madumu ya litre makumi mbili. Usirudi bila mawese yangu, unasikia? Usirudi!"

Siku ya kurudi, kisha ya chakula cha muchana, message yake ikaingia. Floribert akaisoma kwa sauti: "Tuko ku piste ya ndege. Niko na bidon ine za maman. Pascaline iko na zaidi yangu, pamoja na muchele. Ndege inafika."

Pascaline ni mwenzake wa kazi, mwanamuke wa mwili na wa kicheko.

"Leo tuweke kilo za kweli," Floribert akasema. "Kila siku ninawekaka watu kama karatasi inasema, kila mutu kilo sabini na tano."

"Pascaline kilo sabini na tano? Hiyo ni muguu moja, Papa Sagesse."

Akacheka, akaandika. Akaandika Pascaline, akaandika muchele, akaandika bidon zangu. Ku ordinatere pakawaka nyekundu.

"Inakataa," akasema.

"Inakataa nini?"

"Kupanda. Tuko wazito. Piste ya kule ni fupi, na mvua imeilowesha. Maman, bidon zako ine peke yake ni kama mutu muzima ameketi na hana tiketi."

Mimi ku soko ninapima mawese kwa litre na kwa macho. Sijawahi kuwaza kama iko na kilo.

"Sasa piloti anafanya nini?"

"Iko njia mbili. Anatoa mizigo, ao anatoa petroli." Petroli ya ndege, ndugu ya ile ya taa. Akanionyesha na kidole: "Hii ya kwanza ni ya njia. Hii ya pili ni ya kwenda ku uwanja mwingine kama Kavumu inafungwa na mvua. Hii ya mwisho ni ya kuzunguka kidogo mu hewa, hiyo haiguswe."

"Na piloti anatoa gani?"

"Piloti muzuri anatoa mizigo."

"Na mwingine?"

Akasogeza kidole ku petroli. Kisha akasema, kama mutu anajisemesha: "Tuone tu." Akatoa ile ya pili, ya uwanja mwingine. Nyekundu ikazimika.

Telefone ikalia tena kidogo: "Tunapanda. Bisous." Na sisi tukapanda.

Kwanza ilikuwa muzuri. Pori chini, kijani tupu, muto unajikunja kama kamba. Lakini tulipokaribia Kahuzi, mawingu ikaanza kusimama mbele yetu, nyeusi, ndefu. Nikatazama ku dirisha la nyumba: kule kaskazini, upande wa Kavumu, mawingu ile ile, nyeusi ile ile, na radi inapiga bila sauti. Nikarudisha macho ku ordinatere. Ni kama mutu ameipiga picha ya dirisha langu.

"Papa Sagesse, hii mvua..."

"Ni ya kweli, maman. Ni ya sasa hivi."

Akashuka kutafuta piste. Hakuona kitu. Akapanda tena, akazunguka. Akashuka mara nyingine: maji na wingu tu, na sauti ya kike ndani ya masini inamusemesha Kifaransa. Akapanda. Kashale kadogo kenye kanaonyesha petroli kalikuwa kanalala upande wa kushoto, na taa ndogo ya njano ikawaka.

"Twende ku uwanja mwingine," nikasema.

"Hatuna yake. Niliitoa."

"Irudishe!"

"Mu hewa hairudishwe, maman."

Njo pale nililipata jibu: ni ndege. Jasho lilikuwa linamutoka Floribert ku paji. Mutu mwenye nguo kavu, mu salon yake, chai pembeni, anatoka jasho. Mimi nilishika meza na mikono mibili. Nilijua ni ordinatere, sikuwa mupumbavu. Lakini roho haikutaka kusikia ile habari.

Halafu moteur, injini ya ndege, ikakohoa. Ikashika. Ikakohoa tena, ikanyamaza.

Sijawahi kusikia kimya ya namna ile. Upepo tu, fiuuu, na ile elise, panga la mbele, inazunguka polepole, polepole, mupaka ikasimama kama mukono wa mutu anakataza. Wingu likafunguka na miti ikaanza kuja. Floribert akainama, akavuta fil ya umeme ku ukuta. Ordinatere ikakufa kabla ya miti kutufikia.

Tukaketi. Mvua ikaanza kupiga ku mabati.

"Floribert," nikasema, na sikumuitaka jina lake hata siku moja, "piloti wa Noëlla ni muzuri?"

"Simujui, maman."

Akapiga telefone ya Noëlla. Haipite. Akapiga tena. Ile mama wa réseau ya telefone akatuambia kwa adabu kama mutu wetu hapatikane. Akapiga kwa Aloys, ule chauffeur wa gari alikuwa ametumwa Kavumu kungoja Noëlla, akaweka sauti kubwa ili nisikie.

"Patron, hapa ni mvua tu," Aloys akapaza sauti. "Ndege haijatua."

"Mumeisikia?"

"Tuliisikia! Moteur ilikuwa juu ya mawingu, ikazunguka, ikazunguka. Watu wote walitoka wakatazama juu."

"Na sasa?"

"Sasa hatusikie kitu, patron. Imenyamaza."

Floribert akaweka telefone chini polepole kama yai. Imenyamaza. Mimi nilikuwa nimeshasikia ile kimya, nilikuwa najua inakuwa namna gani ndani yake, na miti inakuja namna gani. Na nilikuwa najua ni nani amekaa pahali pa petroli: bidon ine, za kwangu, nyekundu, zimefungwa vizuri. Usirudi bila mawese yangu. Nilitamka ile neno na kinywa changu, nikicheka.

Nikatafuta rozari mu mufuko. Nikaanza Salamu Maria, nikapotea katikati, nikaanza tena. Kila mara nikifika "saa ya kufa kwetu" ulimi unagoma.

"Pengine alitoa mizigo," Floribert akasema.

"Noëlla hawezi kubali. Unamujua. Nilimuambia asirudi bila." Nikaona uso wake unabadilika, nikajua hata yeye aliwaza vile. Mutoto wangu ni mubishi, amenitoka mimi. Anaweza kubishana na piloti mupaka piloti achoke. Na Pascaline pembeni anasaidia.

Nikasimama, nikaenda jikoni, nikarudi, sikujua nilifuata nini. Floribert alikuwa amerudisha fil, anafungua ordinatere. Nikafikiri amerukwa na akili.

"Unafanya nini? Utaiangusha tena?"

"Nahesabu. Kama piloti alibakiza petroli yote, kutoka hapa juu ya Kavumu anaweza kurudi nyuma, kupita Shabunda, mupaka uwanja wa Kindu. Itakamata muda, maman. Kama ni vile, sasa hatuwezi kusikia kitu. Hata kama iko muzima, hatuwezi sikia."

"Mupaka wakati gani?"

"Mupaka jioni, mutoto akitoka ku masomo. Ikipita pale..."

Njo tukangoja. Mvua ikapungua, barabara ikaanza kupitisha moto, pikipiki za taxi, tena, majirani wakaanza kuitana. Kila kelele ya moto ilinisimamisha. Floribert hakuondoa macho ku telefone, na mimi sikuondoa macho kwake. Sagesse akafika toka ku masomo, viatu na matope, akasema "Bonjour koko, maman amefika?" Nilimuvua viatu, nikamuweka ku magoti kama bado ni katoto kachanga, na yeye akakubali, kwa hiyo nikajua uso wangu ulikuwa mubaya.

Telefone ikalia. Numéro hatuijue.

Floribert hakuishika. Aliitazama tu. Mimi njo niliikamata, Sagesse akanionyesha pa kukandamiza.

"Allô? Maman? Telefone yangu imezimika, hii ni ya mutu. Tuko Kindu."

Nikapiga kelele yenye haina maneno.

"Maman, usikasirike," akasema haraka. "Mawese yako ilibaki. Ule piloti! Mufupi hivi, kichwa ngumu! Alileta kilo yake ya kupimia, akatupimisha wote kama ngombe, hata Pascaline, na sakosi zetu, mikoba yetu, ku mukono. Akasema bidon zote zishuke. Nikabishana naye, maman, ninakuapia. Nilimutukana mupaka nikamuita mwizi. Hakunijibu hata neno, alizishusha yeye mwenyewe, moja moja, akaziacha mu majani. Nililia. Halafu tukafika Kavumu, hakuna piste, mvua tu, akazunguka, akageuka. Tumefika huku usiku unataka kuingia, na taa zake zote bado kijani, nilikuwa nyuma yake naziona."

Nilikuwa nalia, Floribert alikuwa amegeukia ukuta.

"Maman? Umekasirika?"

"Apana, mutoto wangu. Ule piloti, mumuombe samahani. Mupikie kitu."

"Sawa. Kesho tunarudi kama mvua inaruhusu. Na usihangaike na ndoa, hapa Kindu nako mawese iko, nzuri sana. Nimeshakamata bidon moja."

Nikashika telefone na mikono mibili.

"Noëlla! Usilete kitu! Hata kijiko!"

Réseau ikakatika.

Floribert akapangusa uso na shati. Akaketi mbele ya ordinatere, akaweka njia ya kesho, Kindu mupaka Kavumu, akaweka watu, akaweka Pascaline vile iko kwa kweli, akaweka petroli yote, mafungu yote tatu. Kisha akaongeza bidon moja. Nikasimama nyuma yake, mukono ku kiti chake, bila aibu yoyote.

"Inakubali?"

"Inakubali, maman. Piste ya Kindu ni ndefu."

"Itoe."

"Maman, inakubali. Ni kijani, tazama."

"Naona. Itoe, Papa Sagesse."

Akaitoa.