Pepo wa Kihindi

Mama mkwe wangu alinifuma juu ya mkeka, nimepiga magoti, paji la uso chini, nimeelekea baharini jua linakochomoza. Kibla hapa Pangani iko upande mwingine kabisa. Basi kwake ushahidi ulitosha: mkaza mwanawe kapandwa na pepo wa Kihindi, anamsujudisha kwa jua.

Mimi ni Tuhfa, kwetu Moa. Mwaka jana nilifiwa na mwanangu Khairat, hata kutambaa hajajua. Tangu hapo nikawa silali, sili, kifua kinanibana mpaka nadhani nakata roho. Nyumbani dawa yao ilikuwa moja: asitajwe, nitasahau. Nimsahau mtoto niliyemzaa kwa uchungu? Thubutu! Yudith, nesi wa zahanati, ndiye aliyenifundisha yoga, mazoezi yaliyotoka India: kukaa, kuinama, kujinyoosha, kuvuta pumzi na kuiachia taratibu. Hakunidanganya kwamba huzuni itaisha. Kila nikimaliza sala ya alfajiri narudishia mlango wa chumba, maana kwao kujifungia ni kosa, nafanya, nalia nikitaka, na nikitoka naweza kukuna nazi bila mikono kutetemeka.

Nilimweleza mama mkwe, Bi Mwanamkasi, kwa adabu zote, kwamba nimeshaswali na haya ni mazoezi tu. Akaitikia vizuri, akajitanda kanga yake, akaenda moja kwa moja kwa Mzee Shaib, fundi wa kupunga pepo. Mume wangu Rama naye akaniambia nikubali kupungwa, la sivyo atanirudisha Moa, maana mama yake halali kwa hofu. Mwanamume mzima! Iliniuma, nisiseme uongo. Nampenda, na sikutaka kurudi kwetu. Lakini kuacha yoga ilikuwa ni kurudi kule kwenye kukata roho.

Jumamosi baada ya alasiri nikakalishwa uani, nimefunikwa shuka jeupe, udi unafuka, ngoma zinalia, majirani wamejaa hadi mlangoni. Kwa kuwa pepo ni wa Kihindi, aliandaliwa chano cha halua na bagia. Bagia zenyewe nilizikaanga mimi asubuhi. Pepo gani huyo anayejipikia?

Sasa, kwenye kupunga kuna desturi yake. Fundi humuuliza pepo jina lake na anachotaka, na akishataja mbele za watu, wenye nyumba hawana ruhusa ya kumnyima. Hapo ndipo shetani wa kweli aliponijia. Ningebana pua, nikatikisa mabega, nikadai mlango wa chumba ufungwe kila asubuhi. Wangenipa siku ileile, na heshima juu. Nikakataa. Nisote mimi, halafu sifa apewe pepo?

Mzee Shaib akainua mkono, ngoma zikanyamaza. "Wewe ni nani, na unataka nini?"

Nikalivua lile shuka. Nikamwambia, "Shikamoo, mzee. Mimi ni Tuhfa, mama yake Khairat. Nataka nifunge mlango wangu asubuhi, na nataka mwanangu atajwe ndani ya nyumba hii."

Bi Mwanamkasi akamsihi Mzee Shaib aulize tena, kwamba aliyejibu siye aliyeulizwa.

"Ndiye, mama," nikasema. "Pigeni ngoma mpaka kesho, atakayetoka ni mimi huyuhuyu."

Kisha nikamgeukia Rama. Nikamwambia amtaje binti yake sasa hivi, mbele ya watu hawa, au akatafute gari la Moa. Sikuinamisha macho. Rama alimtazama mama yake, akanitazama mimi.

"Khairat," akasema.

Bi Mwanamkasi akajifunika uso kwa kanga, akaangua kilio ambacho hakukilia hata siku ya mazishi. Majirani wakataka kumnyamazisha. Nikawazuia. Nikawaambia mwacheni alie, ni mjukuu wake.