Sijatoa Mji

Esperansia alikuwa wakala wa forodha pale mpakani Rusumo, mwaka wa kumi na tisa sasa, na kazi yake ilikuwa na majibu mengi kuliko maswali. Lori limebeba nini, linakwenda wapi, lina uzito gani: yote yalikwisha kuandikwa kwenye fomu kabla hajauliza. Ndiyo maana gemu moja ya kompyuta ilimteka. Ulipewa chombo kidogo cha kusafiria angani na sayari saba, basi. Hakuna wa kumpiga risasi, hakuna alama za kukusanya, hakuna wa kukuambia nenda huku. Ukiona jambo usilolielewa, unashuka unalichunguza. Usipotaka, unaruka unakwenda zako.

Kwa wiki tano alikuwa amekwama kwenye mlango mmoja wa jiwe. Ulikuwa kwenye sayari ya pili, ukingoni mwa ziwa lililokauka kila mchana na kujaa kila usiku, na haukuwa na kitasa wala tundu la ufunguo. Esperansia aliuwaza akipalilia maharage yake kijijini Kibimba. Aliuwaza hata kanisani, Mungu amsamehe. Alijaza daftari zima kwa michoro ya vivuli vya miezi miwili iliyoizunguka sayari ile. Jumatano moja, akisubiri lori likaguliwe, wazo likamjia: vipi kama mlango ule haujali mwanga, unafuata maji? Akasema moyoni, leo leo nikifika nyumbani.

Alifika saa kumi na moja jioni. Mdogo wake Anastazi, aliyekuja kutoka Biharamulo kumsalimia mama yao, alikuwa ameketi mbele ya kompyuta.

"Shikamoo dada. Nimekufungulia ule mlango wako."

Esperansia alisogea karibu. Kwenye kioo cha kompyuta, mlango ulikuwa wazi.

"Nimetafuta video mtandaoni, dakika kumi tu. Kumbe unasubiri ziwa lijae, halafu..."

"Nyamaza!"

Mama yao, Niragira, akatoka jikoni na mwiko mkononi. "Kuna nini? Nani kafa?"

"Hajafa mtu, mama. Dada ananikasirikia kwa kumsaidia. Mtu mzima wa miaka arobaini na sita analilia gemu!"

"Nilikuomba?" Esperansia alimgeukia. "Mama alipokuwa akitutegea vitendawili, nani alipewa jibu kabla hajashindwa? Ukishindwa unatoa mji, ndipo unaambiwa. Mimi nilikupa mji gani, Anastazi? Nilikupa Ngara? Nilikupa Biharamulo?"

"Basi futa, uanze upya. Mlango utajifunga."

"Mlango utajifunga. Na kichwa changu nacho utakifuta?"

Anastazi alicheka, kisha akagundua anacheka peke yake.

"Mwombe radhi dada yako," mama alisema.

"Kwa ajili ya gemu, mama?"

"Mwombe."

Aliomba, juu juu tu. Ijumaa alipoondoka, Esperansia hakumsindikiza stendi, jambo ambalo halikuwahi kutokea.

Kilichomuuma ni kwamba alikuwa amekaribia. Pengine jioni ile ile angeufungua. Pengine asingeufungua. Sasa hatajua kamwe, na aliyemnyima kujua alikuwa akitarajia ashukuriwe.

Jumapili, baada ya misa, aliwasha kompyuta. Hakupita kwenye ule mlango. Alirusha chombo hadi sayari ya tano, iliyofunikwa na vumbi jekundu, ambako hakuwahi kukanyaga. Akakuta mawe yamepangwa mstari. Kila alipolikaribia jiwe, lilitoa sauti yake, isipokuwa moja lililokaa kimya. Kwa nini? Alisimama pale, akarudi nyuma, akazunguka. Akajikuta anacheka kwa sauti peke yake.

Simu ikaita. Anastazi.

"Dada, bado una hasira?"

"Ninayo."

"Haya. Saa hizi uko wapi huko angani?"

"Sikwambii."

"Niambie tu umeona nini. Sitatafuta mahali popote, naapa."

"Ukitaka kujua, nenda mwenyewe ukaone."

Akakata simu. Hasira ilikuwa bado ipo, wala hakuona sababu ya kuifukuza.