Dada Kwenye Kiti cha Mbele

Fundi alifungua boneti, akaiegemeza kwa fimbo yake, kisha akawasha taa kubwa bila kuwasha injini. Kwenye dashibodi, mshale wa geji ya chaji ulilala upande wa kujaza. Alizima, akawasha tena, na mshale ukafanya vilevile. Taa zikiwaka na injini imelala, betri hutoa, haijazwi. Geji inayosema vingine ni sawa na mlevi anayeapa hajaonja kitu. Hapo hapo alijua kwamba betri imefungwa upande usio wake.

Gari lilikuwa la mume wa dada yake. Lilikuwa jeusi, lenye bampa za kromu, la zamani kuliko ndoa yao, na lilitunzwa kuliko hiyo ndoa. Kila Jumamosi lilibeba maharusi. Magari ya enzi zile ncha chanya ya betri ndiyo hufungwa kwenye bodi, lakini shemeji aliponunua betri mpya aliifunga kama inavyofungwa kwenye magari ya siku hizi, hasi kwenye bodi, akakaza nati na kujipongeza. Dinamo ikaungua wiki hiyo hiyo. Alibadilisha mkanda, akabadilisha waya, akabadilisha na mafundi, na gari likakataa katakata, mpaka siku mkewe alipochoka kusimama akakaa kiti cha mbele kumsubiri. Likawaka mara moja. Tangu hapo dada hakuruhusiwa kukosa safari hata moja.

"Mke wangu ana baraka," shemeji alipenda kuwaambia wateja. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji; shemeji alisifiwa gari, akalitia mke.

Fundi alipima dinamo kwa mita yake, akapata sifuri. Alifuata waya kutoka kwenye betri, ukampeleka chini ya zulia hadi kwenye springi za kiti cha mbele, ambako dada alikuwa ameketi akichambua uzi. Aliweka ncha moja ya mita kwenye springi, nyingine kwenye kiganja cha dada. Mita ikasoma volti kumi na mbili na ushee.

"Umepungua," alimwambia.

"Nimepungua," dada alikubali. Sauti yake ilisikika kama inatoka chumba cha pili.

Zilianza kufifia kucha, ikafuata midomo, kisha kivuli chake cha mchana kikawa chepesi kama maji ya kusuuzia vyombo. Kila honi ilipopigwa, unywele wake mmoja uligeuka mweupe. Uzito nao ulimwisha, hata watoto wakazoea kufunga madirisha mama yao akipita sebuleni, na garini alipakata mfuko wa mchanga. Mfuko huo aliushona mwenyewe na kuutarizi maua, maana hakupenda kitu kibaya kwenye gari la maharusi.

Fundi alimwendea shemeji, aliyekuwa anasugua taa ya nyuma kwa kitambaa.

"Shemeji, betri imefungwa kinyume. Dinamo imekufa. Gari linamla dada."

"Najua kuna kitu linakula," alisema shemeji bila kuacha kusugua. "Lakini linawaka. Umeniona nikisukuma tena?"

"Nikigeuza betri, dinamo hii haitachaji. Ni ya kusukwa waya upya, na sijui kama wa kuisuka bado yupo."

"Basi umejijibu mwenyewe."

Fundi alikasirika, na hasira ikamfanya afanye kazi vizuri. Shemeji alipotoka kidogo, alifungua terminali za betri, akazisugua kwa msasa, akageuza betri na kufunga chanya kwenye bodi. Akaigusisha dinamo waya wa betri mara moja ili ikumbuke upande wake. Ilitoa cheche, ikanyamaza. Alipowasha swichi, umeme ulifuata njia ileile kwa kurudi nyuma, ukaanza kumwingia dada. Midomo ikakolea. Kivuli kikamdondokea miguuni. Alishuka mwenyewe, hatua zake zikasikika, akaingia jikoni akala sahani mbili, akawagombeza watoto wote mmoja mmoja, kisha akamtazama mdogo wake kuanzia juu hadi chini.

"Na wewe unaoa Jumamosi na kichwa hicho? Tafuta kinyozi kabla mwenye binti hajaghairi."

Fundi alicheka mpaka akatoa machozi. Alikuwa na hamu kubwa na dada yake, na hakujua kiasi gani mpaka alipotukanwa.

Asubuhi betri ilikuwa imeisha chaji, na gari halikuwaka. Shemeji hakugombana na mtu. Alikwenda kumwita mama mkwe wake, na mama akaja, akaketi sebuleni na mkoba mapajani.

"Mwanangu," alimwambia fundi, "wakwe zako wameshawatangazia ndugu zao gari hili. Unataka bibi harusi aje kwa teksi?"

"Mama, dada anaisha."

"Nani asiyeisha? Mimi nimebaki nini? Baba yenu alikuwa na baiskeli tu, na bado nimeisha."

Fundi alimfuata dada jikoni, akamwambia afungashe, waende kwake.

"Kwako kuna chumba kimoja na mke anakuja," dada alisema. "Na watoto hawa nimwachie nani, betri? Ni Jumamosi moja, mdogo wangu. Ukishaoa utaisukisha hiyo dinamo."

"Nitaisukisha," alisema fundi.

Damu nzito kuliko maji, watu husema, ila hawasemi ni nzito kiasi gani mbele ya harusi. Shemeji hakujua hata spana ya terminali ni namba ngapi. Fundi ndiye aliyeichagua kwenye kisanduku chake, akafungua, akageuza betri, akakaza. Dada alikuwa ameshaketi, akapakata mfuko wake.

Jumamosi gari lilifungwa riboni nyeupe. Walipotoka kufunga ndoa, fundi na mkewe waliketi nyuma, wakashikana mikono. Wingu lilikuwa limetanda, na shemeji akawasha taa zote mchana ule, akapiga honi kila kona. Mshale wa geji ulilala upande wa kujaza. Nywele za dada, ambazo jioni moja tu zilikuwa zimerudi nyeusi, ziligeuka nyeupe zote kabla hawajafika bustani ya kupigia picha.

Picha zilipigwa. Waliporudi garini, injini ilikohoa tu. Shemeji alijaribu tena, kisha akamtikisa mkewe begani, kama mtu anayetikisa mtungi wa gesi kusikia kama kimebaki kitu.

"Hatoshi," alisema. "Shemeji, bibi harusi aje mbele. Ni hadi ukumbini tu."

Bibi harusi alimtazama mumewe. Nje wakwe walikuwa wanapiga makofi, na mama alisimama katikati yao akitabasamu, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu wamzike baba. Fundi alitazama viatu vyake vipya. Aliona aibu.

"Ni karibu," alimwambia mkewe.

Bibi harusi alikusanya gauni, akashuka, akaketi mbele, akauliza mfuko wa mchanga ni wa nini.

"Huo bado," alisema shemeji.

Dada alihamishiwa nyuma, akalazwa mapajani mwa mdogo wake. Alikuwa na uzito wa shati lililotoka kuanuliwa. Alifumbua macho, akamwangalia kichwani.

"Kinyozi kakutendea haki," alisema.

Gari liliwaka mara moja. Shemeji akapiga honi, na kwenye mkono wa bibi harusi ulioshika kiti, ukucha wa kidole gumba ukafifia. Mvua ilikuwa karibu na upepo wake ulianza kuingia. Fundi alipandisha kioo hadi juu, dada asije akapeperuka.