Kapri la Mzee Jasson

Mutalemwa alikuwa mbishi tangu utotoni, lakini ubishi uliokaribia kumtoa roho ulikuwa wa gari. Alishikilia kwamba baba yake, Mzee Jasson, hakuuawa na pombe. Aliuawa na gari bovu. Umwambie vinginevyo hapa Kituntu, hata kama mlikuwa mnataniana vizuri, anakugeukia hapohapo na urafiki unaishia hapo.

Gari lenyewe lilikuwa Ford Capri la zamani, milango miwili, pua ndefu, kiti cha dereva kimekaa chini mno kana kwamba unaendesha ukiwa umelala. Mzee alilinunua kwa Mwitaliano mmoja mjenzi wa barabara aliyekuwa akirudi kwao, akalipenda kuliko ng'ombe wake. Gari la mbio kwenye barabara yetu hii ya moramu, jamani! Watu walimcheka, naye akawapungia mkono dirishani.

Siku ya kupeleka mahari ya Mutalemwa kwa wakwe zake kule Mabira, Mzee Jasson alikwenda na Kapri lake, na pembeni yake alikaa mshenga, rafiki yake Yustus, mwalimu wa kwaya. Ndugu wengine walipanda Noah ya kukodi. Wakati wa kurudi, kwenye kona ya mikaratusi, Kapri liliacha barabara likajipigiza ubavu kwenye miti. Wazee wote wawili walifia palepale. Gari lilibonyea mlango na kupasuka vioo, lakini chini halikuguswa.

Maneno yakaanza kabla hata tanga halijaanuliwa. Mzee Jasson, mzee wa kanisa la Kilutheri aliyekemea walevi kila Jumapili, eti alikutwa ananuka rubisi, pombe ya ndizi! Mutalemwa akajibu kwamba ukweni kibuyu cha pombe hakikataliwi, mzee aligusisha midomo tu kwa heshima ya wakwe. Shokapu ndizo zilizokuwa zimekufa, na bushi, zile raba za maungio, zimekwisha, na gari linalegalega lenyewe. Mbona hayo hawayasemi?

Aliyekataa kabisa kumsikiliza ni Edith, mjane wa Yustus, jirani yao wa kuvuka migomba tu. Tangu mazishi hakuikanyaga tena nyumba ya Mzee Jasson. Jumapili moja, Mutalemwa ameshaoa na ana mtoto, Edith alisema mbele ya watu, ibada imekwisha na kila mtu yuko nje, "Mume wangu aliuawa na mlevi, na mlevi huyo humo ndani mnamtaja kwa heshima." Mutalemwa alirudi nyumbani siku hiyo, hakula. Jina la baba yake lilikuwa linaoza mbele ya macho yake, na yeye ndiye mtoto wa kiume pekee.

Ndipo alipolivuta Kapri kutoka kwenye banda la kahawa, akalipeleka Kimuli kwa fundi Cleophace.

"Nataka lishike barabara," alimwambia. "Chini kote kuwe kupya."

Cleophace, mtu wa maneno mengi, alilizunguka akicheka. "Bibi kizee huyu unataka acheze ngoma?"

"Acheze na asianguke."

Wakafungua kila kitu. Shokapu mpya za gesi, springi ngumu zaidi mbele, majani mapya ya springi nyuma, bushi zote, na stabilaiza nene ya kuzuia gari lisilale kwenye kona. Cleophace akalishusha kidogo, akalipa matairi mapana. Vyuma vya zamani akavitupia chini ya meza. Mutalemwa alipolijaribu, alitamani kulia. Ukigusa usukani, gari limekwishakwenda. Tangu msiba hakuwahi kuwa na furaha ya namna hiyo.

Akalipeleka moja kwa moja uani kwa Edith, aliyekuwa akianua kahawa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Hakuinua kichwa.

"Nakuomba upande. Twende mpaka kwenye mikaratusi, uone mwenyewe gari likiwa zima linavyopita."

Edith alitoa mikono kwenye kahawa. Kisha akajifuta kwa kitenge. "Nitapanda. Nataka nikae alipokaa mume wangu."

Mutalemwa aliikaribia kona kwa mwendo wa sitini, uleule ambao trafiki waliukadiria siku ya ajali. Kapri liliingia, likazunguka, likatoka limetulia tuli. Vumbi tu ndilo lililobaki nyuma. Edith alikuwa ameushika mlango kwa mikono miwili.

"Umeona, mama?" Mutalemwa alishindwa kuficha shangwe. "Halimtupi mtu likiwa zima!"

"Siku ile lilikuwa na hivi vyuma?"

"Hapana, ndiyo maana nasema..."

"Basi hujanionyesha kitu, mwanangu. Hili ulilonionyesha ni gari lingine."

Alishuka, akarudi kwa miguu ingawa kulikuwa mbali. Mutalemwa alibaki barabarani na hasira, na kilichomkasirisha zaidi ni kwamba mama huyo alikuwa amesema kweli.

Kesho yake alikuwa Kimuli. Cleophace alipomsikia, alidhani ni utani. "Mimi hutengeneza magari, kaka. Sijawahi kuombwa kuyaharibu."

"Rudisha vyuma vya mzee. Vyote. Hata matairi yaleyale."

"Shokapu hizi zimekufa! Unataka kujiua?"

"Nataka litelezee palepale lilipoteleza naye. Edith aone kwa macho yake."

Cleophace akafunga vyuma vile bila kucheka hata mara moja, na alipomaliza alikataa kupeana naye mkono.

Nyumbani kwa Mutalemwa, mkewe Kembabazi alikuwa akimenya ndizi, mtoto wao Nabasa amelala mgongoni. Alipoona gari limerudi na matairi ya zamani, kisu kilisimama.

"Baba Nabasa, nakusihi. Acha."

"Niache jina la baba yangu lichezewe?"

"Siku ile ya mahari nilikuwa kwetu Mabira, chumba cha ndani, naona dirishani. Kile kibuyu..."

"Usiniletee habari za kibuyu!" Alifoka mpaka mtoto akaamka. "Hata wewe? Ndani ya nyumba ya mzee?"

Kembabazi akainamisha kichwa, akaendelea kumenya. Machozi yalimdondokea kwenye ndizi naye hakuyafuta.

Mutalemwa alikuwa amempelekea Edith habari, na alipofika kwenye kona alimkuta amesimama juu ya tuta, mbali na miti, kitenge amekikaza kifuani. Barabara ilikuwa kavu, kama siku ile. Mutalemwa alirudi nyuma na gari, akakaza mkanda, akaja na sitini.

Kapri lilidunda. Usukani ukamcheza mikononi, nyuma ikayumba. Hapa, alijisemea, hapahapa. Lakini matairi yalikamata. Pua ikageuka, mikaratusi ikapita dirishani, barabara ikanyooka mbele yake.

Hakuamini. Akageuza, akarudia. Likapita tena, linalegalega, linalalamika, lakini linapita. Akarudia na sabini, jasho linamwingia machoni. "Teleza!" alililia gari. "Teleza basi, shetani wewe!" Jamani, mtu mwenye mke na mtoto anaomba gari limtupe kwenye miti! Angevunjika mbavu zote na kushukuru. Gari lilihema, likainama upande, likamvusha salama kama mzigo wa ndizi.

Alisimamisha. Alitaka kutafuta neno jingine, labda jua lilimpiga mzee machoni, labda ng'ombe alikatiza, na kila neno alilolishika lilimfia mdomoni. Akakiona akilini kibuyu kikizunguka na kurudi mkononi mwa baba yake, na mkewe akitazama dirishani. Miaka yote hii amelala kitanda kimoja na mtu anayejua.

Edith alikuja akitembea polepole pembeni mwa barabara. Mutalemwa alishuka, akasimama mbele yake.

"Mama," alisema, "gari halikuwa na kosa. Baba alikuwa amelewa. Alimuua mwalimu."

Ni maneno yaleyale ambayo Edith alikuwa akiyasema tangu mazishi, kanisani, kisimani, sokoni. Sasa aliyasikia kutoka kwa mtoto wa Jasson, akaziba mdomo kwa kiganja kana kwamba ameletewa habari za msiba dakika hiyo. Akakaa vumbini, akalia kwa sauti akiliita jina la Yustus.

Mutalemwa naye akakaa chini, mbali naye kidogo. Alitamani kumshika mkono, lakini hakujua kama yeye, katika watu wote, alikuwa na ruhusa hiyo.